Jina Ndani ya Mchezo wa Paka

Siku ile wageni walipokuja kumrekodi, nilimnyoa Babu ndevu, nikamvalisha kanzu niliyoipiga pasi mwenyewe, nikamketisha sebuleni mahali penye mwanga. Wageni walikuwa wanawake wawili vijana waliokuwa wakitayarisha maonyesho kuhusu kampuni za mwanzo zilizotengeneza michezo ya video katika nchi za Ghuba. Walikuja na kamera, taa na adabu nyingi. Walimhoji kwa Kiarabu. Binti yake, ambaye ndiye madam wangu, alikaa pembeni akimtazama baba yake kwa fahari.

Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni tu, lakini nilijua anasema nini, maana hadithi ile alikuwa amenisimulia mara nyingi. Alianzisha kampuni katika banda hapa Dubai, mtaa wa Al Jaddaf, jirani na mafundi wa majahazi, vumbi la mbao likawa linaingia ndani ya kompyuta. Na yeye mwenyewe, kwa mikono yake, akaandika mchezo wao wa kwanza, mchezo wa paka.

Wageni walipoondoka alikuwa mchangamfu. Alikula chakula chote. Niliporudi kuchukua sahani nilimkuta analia.

"Nimesema tena," akaniambia.

"Umesema nini, Babu?"

"Kuwa mie ndiye nlouandika. Si mie. Kauandika yule msichana."

"Msichana gani?"

Akafungua mdomo. Nikamwona akilitafuta jina, macho yakienda huku na huku kama mtu aliyeangusha kitu sakafuni. Halikuja. Akajipiga paji la uso kwa kiganja, tena na tena, hadi nikamshika mkono.

Niseme nilifikaje pale. Mimi ni wa Bungoma, nimesomea usaidizi wa wauguzi. Ajenti aliponileta Dubai aliniambia nitamtunza mzee wa Kiarabu kwenye nyumba moja ya Al Warqa, na ndani ya ndege nilikariri salamu za Kiarabu nikiogopa kukosea. Asubuhi ya kwanza mzee akanitazama, akauliza ninatoka wapi, na nilipomwambia akasema, "Basi umeamkaje, mwanangu? Kaa kitako." Kiswahili cha Unguja kabisa. Alizaliwa kule, akaondoka kijana na wazazi wake. Mkewe ndiye aliyekuwa akizungumza naye lugha hiyo, na mkewe alikuwa ameshafariki. Watoto wake hawakujifunza. Kwa hiyo nilipoingia mimi akawa kama mtu aliyefunguliwa kinywa. Alinikataza kumwita sir. Nilimwita Babu.

Maradhi yake yalikuwa ya kusahau. Kila baada ya wiki sita tulikwenda kliniki Oud Metha, na daktari alikuwa ameshanieleza kwamba aina hii ya ugonjwa haili kila kitu kwa pamoja. Yale ambayo mtu ameyarudia maisha yake yote hukaa sana. Yale aliyoyagusa mara chache hutangulia kuondoka.

Mchana ule, nikiwa nimemshika mkono, ndipo nilipoyaelewa maneno ya daktari. Uongo alikuwa ameusimulia kwa miaka arobaini, kwa waandishi wa habari, kwa wageni, kwa watoto wake mwenyewe. Ukweli hakuwahi kumwambia mtu. Ugonjwa ungeuchukua ukweli kwanza na kumwachia uongo, na angezikwa nao akiuamini.

Yeye pia alilijua hilo. "Kesho ntaamka nshasahau kuwa nimelia," alisema. "Andika, mwanangu. Andika sasa hivi."

Sikuwa na daftari. Niliandika nyuma ya kalenda ya duka la dawa. Siku iliyofuata nilinunua daftari la shule, na kila alipokuwa na akili timamu, mara nyingi asubuhi baada ya chai, niliandika alichosema.

Alikuwa mfanyabiashara wa redio. Aliona kompyuta ndogo za nyumbani zikiingia madukani na michezo yote iko kwa Kiingereza, akasema watoto wa huku nao wanataka wa kwao. Akakodi banda, akaajiri watu wanne. Wanaume watatu walikuwa wa kuuza na kunakili kaseti, maana siku hizo mchezo uliuzwa ndani ya kaseti kama za nyimbo. Wa nne alikuwa msichana wa kupiga chapa barua. Msichana huyo alichukua vitabu vya maelekezo vilivyokuja na kompyuta, akavisoma wakati wa chakula cha mchana, na baada ya miezi kadhaa akamwonyesha Babu kitu kwenye skrini. Nyumba yenye vyumba kumi na viwili. Siku ya Idi. Paka anaiba nyama kwenye sufuria, na mama mkwe anamkimbiza kwa ufagio.

"Nlicheka mpaka nkakaa chini," Babu alisema. "Sijapata kuona kitu kama kile."

Kaseti ziliuzwa. Mwandishi wa gazeti akaja bandani. Akauliza, nani ameutengeneza? Msichana alikuwa amesimama pale pale, ameshika sinia la kahawa. Babu akasema, mimi.

"Kwa nini, Babu?"

"Sijui. Lilitoka tu. Nikasema ntalirekebisha kesho."

Wiki ile ile msichana akaacha kazi. Alipokuwa akiondoka alimwambia Babu, jina langu nimeliacha ndani ya nyumba, siku utakayotaka kulitafuta utalipata. Babu alifahamu kuwa anazungumzia nyumba ya paka. Aliwahi kusikia kwamba waandishi wa michezo kwingineko nao walificha majina yao ndani ya kazi zao kwa kuwa kampuni hazikuwataja. Alilitafuta jioni moja tu, kisha akaacha. Mchezo mwingine uliofuata haukupendwa. Wa tatu haukumalizika, kwa sababu kati ya waliobaki bandani hakuna aliyejua kuandika mchezo. Masoko yakajaa kaseti zilizonakiliwa na wezi, halafu zikaja mashine mpya za ng'ambo, na banda likafungwa.

"Mie kile kilichokuwa ndani ya mashine sikukielewa hata siku moja," alisema. "Nlikuwa na kampuni ya kitu nsichokijua."

Alichotaka ni kumwomba radhi. Lakini jina lilikuwa limepotea, na siku zilikuwa zikihesabika, kwa sababu mwisho wa mwezi uliofuata nyumba ingerudishwa kwa mwenye nyumba na Babu angehamia Maskati kwa mwanawe wa kiume. Mimi nisingekwenda naye.

Naweza kusema nilifanya niliyoyafanya kwa huruma, lakini si hivyo tu. Nilipoondoka nyumbani niliachana na mama kwa maneno makali. Nilimwambia kuwa hajawahi kunisaidia kwa lolote. Nilipanga kumwomba msamaha nikirudi likizo, uso kwa uso, si kwenye simu. Akafariki kabla sijamaliza mwaka wa kwanza. Kwa hiyo Babu aliponishika kiganja na kusema "nisaidie, sina muda", aliyesikia ndani yangu hakuwa mfanyakazi, bali binti wa mama yangu.

Ndani ya stoo, chini ya masanduku ya vyombo, ilikuwepo kompyuta moja ya zamani, redio kaseti ya kuichomeka, televisheni yenye mgongo, na kaseti moja ya paka. Nilivipangusa. Tukaunganisha waya kama Babu alivyokumbuka. Kaseti ikatoa mlio mkali kama wa mashine ya kusaga, na skrini haikuonyesha chochote.

Siku yangu ya mapumziko nilibeba redio na kaseti hadi kwa fundi mmoja, mzee wa Kihindi mwenye kibanda cha kutengeneza redio karibu na ile kliniki. Alibadilisha mpira wa kuzungushia, akasafisha kichwa cha kusomea utepe, kisha akaitazama kaseti kwa kioo cha kukuzia na kutikisa kichwa.

"Ina ukungu," alisema. "Utaisoma mara moja, labda mara mbili. Baada ya hapo unga wote wa utepe utabanduka."

"Nikishaisoma mara moja, mchezo unakaa?"

"Unakaa ndani ya kompyuta mpaka uzime umeme. Ukizima, umekwisha. Kwa hiyo usizime."

Ilikuwa Jumapili mchana tulipoiweka kaseti tena. Babu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, tasbihi mkononi. Mlio ulichukua dakika kadhaa. Nilijikuta nikiomba kwa sauti ya chini, mimi kwa dini yangu, yeye kwa yake. Kisha skrini ikawa ya buluu, na nyumba ikatokea, na paka mweusi amekaa mlangoni. Nilipoitoa kaseti, utepe ulikuwa umeacha vumbi la kahawia kwenye vidole vyangu.

Tangu hapo mashine haikuzimwa. Nilibandika karatasi kwenye soketi, nimeandika kwa Kiingereza na Kihindi cha kukopa kwa mpishi wa jirani: usiguse. Stoo haikuwa na kiyoyozi, na nje joto lilikuwa la Agosti, basi nikaweka feni ya mezani ikipuliza juu ya kompyuta kutwa kucha. Kila nilipopita nilisimama mlangoni nisikie kama bado inavuma. Mafundi wa viyoyozi walipokuja kukagua nilisimama mbele ya kisanduku cha fyuzi hadi wakamaliza, nao wakanitazama kama mtu mwenye kasoro.

Sikuwahi kucheza mchezo wa video maishani. Baada ya chakula cha mchana, Babu akilala hadi Alasiri, mimi nilikuwa stoo, jasho linanitiririka mgongoni, nikimwendesha paka kwa vitufe vinne. Ufagio ulinipata. Ulinipata tena. Siku ya tatu nilivijua vyumba vyote kumi na viwili, nikamfanya paka akwaruze kila ukuta, kila kapeti, kila mtungi. Siku ya tano nilimaliza nyama yote na skrini ikanipongeza kwa Kiarabu, kisha ikanirudisha mwanzo. Hapakuwa na chumba kingine.

Wakati huo Babu alikuwa akizidi kwenda. Siku ya sita aliingia stoo akaniuliza ninacheza nini. Nikamweleza. Akasema, "Ah, huu nimeuandika mie." Nilitoka nje kwenye ua wa nyuma, kwenye jua lile, kisha nikarudi kwenye vitufe.

Siku ya saba nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilimwacha paka amesimama jikoni huku nikijifuta uso. Mama mkwe akaja na ufagio wake. Akampita. Nikatazama tena. Akarudi, akampita mara ya pili. Sikuwa nimeiba chochote bado. Mdomo wa paka ulikuwa mtupu.

Basi sikuiba. Nilimfuata yule mama nyuma kwa nyuma, chumba hadi chumba, kama nilivyowahi kumfuata madam wiki yangu ya kwanza akinionyesha nyumba. Alipita sebuleni, akapita ukumbi wa wanaume, akafika mwisho wa ujia ambapo hapakuwa na mlango, akapenya ukutani. Nikamsukuma paka. Naye akapenya.

Kilikuwa chumba kidogo chenye magunia ya mchele. Ukutani palikuwa na mistari miwili ya maandishi ya Kiarabu. Sikuweza kusoma hata herufi moja. Nilitoa simu mfukoni, nikapiga picha mara kumi na moja, halafu nikakimbia kumwamsha Babu.

Nilimleta nikiwa nimemshika kwapani. Akavaa miwani. Akasoma mstari wa juu, jina la mtu na la baba yake na la ukoo, polepole, kwa matamshi mazuri. Akasoma wa chini, akanitafsiria: "Hii nyumba ya mama yangu."

Nikangoja.

"Jina zuri," alisema Babu. "La nani?"

Nilimweleza yote, banda, kaseti, gazeti, sinia la kahawa. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesimuliwa habari za jirani. Kisha akauliza kama kuna chai.

Siku mbili baadaye transfoma ya kompyuta iliungua, ikatoa harufu, skrini ikawa nyeusi. Nilijaribu kuisoma kaseti tena, lakini ikatoa mvumo mtupu. Tulikuwa tumebaki na picha kwenye simu yangu na daftari.

Nilituma picha kwa wale wanawake wa maonyesho, nikawaeleza yaliyomo kwenye daftari. Walijibu siku ile ile. Baada ya wiki walikuwa wamempata mwenye jina, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, anaishi Sharjah. Nao, kwa uungwana wao, wakampigia madam kumweleza.

Madam alikuja jikoni bila kuvua miwani ya jua.

"Umeandika mambo ya baba yangu kwenye daftari, hukuniuliza," alisema kwa Kiingereza. "Umezungumza na watu wa nje. Unajua naweza kufuta viza yako leo?"

"Ninajua, madam."

"Jina lake ndilo kitu pekee alichobaki nacho. Hajui siku, hajui amekula. Anajua kwamba aliandika mchezo ule. Na wewe unataka kumnyang'anya hilo pia?"

Nilimwambia tu kwamba Babu mwenyewe ndiye aliyeniomba, tena kwa machozi, na kwamba niliahidi.

Alivuta kiti akakaa. Miwani ilikuwa bado usoni.

"Nilikuwa na miaka sita," alisema. "Yule msichana alikuwa akinipakata na kuniacha nibonyeze vitufe. Nilidhani ni sekretari."

Alikubali mwalimu aje. Sharti lake likawa moja: kusiwe na kamera.

Alikuja Alhamisi asubuhi, mwanamke mwembamba aliyevaa abaya, anatembea kwa gongo. Babu alisimama kumpokea. Nilimtazama usoni nikitafuta dalili yoyote kwamba amemjua, nikaona ukarimu tu. Akamkaribisha, akaagiza kahawa, na baada ya maamkizi, kama alivyofanya kwa kila mgeni wa maisha yake, akaanza kumsimulia kwa Kiarabu habari za kampuni. Niliyatambua maneno yakipita, banda, vumbi, kaseti. Nikalisikia lile la mwisho, akijigusa kifua. Mimi.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema neno fupi, na madam, aliyekuwa amesimama dirishani, akageuka kutupa mgongo. Baadaye aliniambia neno lilikuwa: mchezo mzuri.

Nililileta daftari. Nilikuwa nimeahidi. Nilimweleza mwalimu kwa Kiingereza kwamba haya ni maneno ya Babu alipokuwa bado anayakumbuka, na kwamba nitayasoma kwa lugha aliyoyasemea, kisha nitamtafsiria. Nikasoma. Nilisoma habari ya sinia, na "lilitoka tu", na "nikasema ntalirekebisha kesho". Nilisoma mahali Babu alipoomba radhi, kwa jina lake mwenyewe na kwa jina la mama aliyemzaa.

Babu alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza. Nilipomaliza alitikisa kichwa.

"Maskini," alisema. "Huyo mtu kafanya vibaya. Kwa nini hakumwomba radhi mapema?"

Mwalimu akanigeukia. "Amesema nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria. Kisha nikamtafsiria neno kwa neno, pamoja na ya daftari yote.

Hakulia. Alimtazama Babu, naye Babu akamsogezea sahani ya tende. Akachukua moja, akaishika tu.

"Khalas," alisema.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Dubai tunalisema kutwa nzima, kazi imekwisha, inatosha, achana nayo, usiniambie tena. Sijui alimaanisha lipi. Alipoinuka aliliomba daftari. Nikamwambia limeandikwa Kiswahili. Akasema analijua hilo, na akalitia kwenye mkoba wake. Mlangoni aliniuliza nilikipataje chumba, nikamweleza. Akaniambia alikuwa na hakika kwamba hakuna mtu ambaye angecheza bila kuiba. Hakusema zaidi, akaingia kwenye gari.

Maonyesho yalifunguliwa. Madam hakuridhia maelezo yabadilishwe, na sikumlaumu, wala sikumsifu. Waliandika kwamba mchezo ulitengenezwa na Babu "pamoja na wenzake". Nilikwenda kuona siku moja ya mapumziko, nikasimama mbele ya maneno yale mpaka mlinzi, Mganda, akaniuliza dada, uko sawa?

Babu aliondoka Jumatatu. Madam aliniandikia barua nzuri ya kazi, na kwa barua hiyo nilipata nafasi kwenye kliniki ya macho. Kwa mwanawe kule Maskati hakuna anayejua Kiswahili, na Kiarabu cha Babu kilikuwa kimeanza kukatika, kwa hiyo nilimwandikia mtunzaji mpya, Mfilipino, maneno machache kwenye karatasi pamoja na maana zake: maji, choo, naumwa, baridi, nataka kulala, niache kidogo. Nikaongeza namba yangu ya simu.

Alinipigia baada ya wiki tatu. Alisema Babu hajambo, anakula, lakini kuna neno analirudia tangu asubuhi, anamshika mkono na kulisema, na halimo kwenye karatasi. Nikamwambia alitamke. Akalitamka. Nikamwomba arudie polepole, kisha nikamwomba ampe Babu simu. Nilimsikia akihema, nikamwita, hakujibu. Yule mtunzaji akachukua simu, akalisema neno lile mara ya tatu, na mimi, nimeziba sikio la pili kwa kidole katikati ya ujia wa kliniki, nikilitafuta humo lile jina la ukutani, sikulielewa.